Kengele iliyoamsha nyumba nzima isipokuwa mwenyewe

Naanza na bei niliyolipa, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Mfuko wa godoro wenye zipu, saizi ya 3 kwa 6, shilingi 1,800, duka la mashuka karibu na Marikiti. Kengele ya mtoto anayekojoa kitandani, shilingi 3,400 pamoja na kuletewa mlangoni. Mfuko nunua hata kesho. Kengele ngoja kwanza nikueleze, kwa sababu kuna nyumba itafaa na kuna nyumba itakuwa kelele tu.

Twakaa Majengo, Mombasa, vyumba viwili, ghorofa ya pili. Mimi ni muuza mahamri na mbaazi. Usiku nakanda, saa tisa na nusu niko macho nasukuma, saa kumi na moja karai liko motoni. Mume wangu ni mlinzi wa usiku katika bohari moja Shimanzi. Watoto ni watatu, na mwenye hadithi hii ni wa kati. Twamwita Babu kwa sababu amechukua jina la baba yake mume wangu. Alikuwa na miaka 7 haya yalipotokea, na mpaka mwanzoni mwa mwaka jana hakuwahi kuamka mkavu siku tatu kufuatana tangu kuzaliwa.

Kama wako ana miaka 3 au 4, tia mfuko kwenye godoro ulale zako. Hata kwenye miaka 5, katika watoto 100 kama 15 hivi bado wanakojoa usiku, na kila mwaka baadhi yao wanaacha wenyewe bila dawa wala kengele. Mimi nilisubiri mpaka 7 kwa sababu hiyo, na kwa sababu sikuwa na pesa, tusidanganyane.

Kabla ya hapo tulijaribu yote mnayoyajaribu. Nailoni chini ya shuka: mtoto anaamka ameloa jasho na mkojo pamoja, na ile nailoni imejikunja upande mmoja, mkojo umeteremka ukaingia godoroni kwa ubavuni. Pampasi: saizi kubwa kabisa ilimbana mapaja, na dada yake akamwona akivaa. Sitaki kurudia maneno aliyomwambia, lakini mnaijua nyimbo ya kikojozi ambayo watoto wa Pwani wote wanazaliwa nayo. Kumkojosha: saa nne nambeba hadi chooni, saa saba tena, anakojoa amesimama macho yamefumba, kichwa kimelala kwenye tumbo langu. Kisha saa kumi, nikiwa nageuza unga, nasikia harufu.

Na maji. Mgeni wa Mombasa hataelewa kwa nini nilikuwa nalia kwa shuka moja. Mfereji wetu unatoka utakapo wenyewe. Maji ni ya mkokoteni, kwa mtungi wa lita 20, na yakija ya kisima yana chumvi, unasugua sabuni mpaka vidole vinauma na povu halitoki. Shuka, leso ya kujifunika, fulana, foronya: mitungi miwili kila siku kwa mtoto mmoja. Halafu chumba chenyewe ndicho tunachosalia, na mkojo ni najisi, kwa hiyo sakafu nayo huoshwa. Halafu godoro lipandishwe juu ya paa likapigwe jua, na kila anayepanda kuanika analiona lile duara la manjano na anajua ni la nani.

Basi, mfuko. Wa kwanza niliagiza kwa simu, kwa muuzaji ambaye simtaji, zipu ikachanika wiki ya pili. Wa pili nikaufuata mwenyewe kwa miguu. Mwenye duka ni mzee mmoja mpole, miwani iko kwenye paji la uso muda wote. Akaniwekea mezani, akasema, "Huu hauvuji, mamangu."

Nikamwambia, "Ami, wa kwanza pia waliniambia hauvuji."

Hakujibu. Alichukua gazeti, akalikunjua mezani, akatandaza pembe ya mfuko juu yake, akafungua chupa yake mwenyewe ya maji ya kunywa akamimina. Si matone, alimimina. Akaweka kiganja akaegemea, kama mtoto aliyelala juu yake. Tukangoja. Wateja wengine wawili wakasogea kutazama. Mwishowe akainua, na gazeti lilikuwa kavu, hata wino haukutawanyika. "Sasa tia mkono ndani," akasema, nikatia, pakavu. Nikalipa bila kuomba apunguze, jambo ambalo mume wangu hakuliamini.

Ubora wake ni kuwa juu ni kitambaa cha pamba, ile ngozi ya kuzuia maji iko kwa ndani, na unalifunika godoro pande zote sita kama soksi, kwa hiyo mkojo hauna pa kuteremkia. Jasho lipo, lakini si la nailoni. Ubaya: unasikika kidogo mtoto akijigeuza, kama mtu anayekunja karatasi nene chumba cha pili. Kuufua ni kwa mkono, kuanika kivulini, na pasi usithubutu, ile ngozi ya ndani itayeyuka. Na usiuvishe godoro lenye harufu. Mimi nililipaka kwanza siki na maji, nikalipiga jua siku tatu, ndipo nikaufunga zipu. Ukiufunga juu ya unyevu, umejifungia uvundo humo humo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba tangu usiku ule wa kwanza wa mfuko, ugomvi uliisha. Godoro halipandi paani tena. Asubuhi ni shuka tu ndani ya ndoo. Nikagundua kuwa robo tatu ya hasira zangu kwa mtoto zilikuwa hasira za godoro.

Hasira za babake zilikuwa na habari nyingine. Yeye ndiye aliyekuwa mkali. Akirudi kazini asubuhi akakuta ndoo, uso unabadilika: "Mwanamume mzima." Mwanamume wa miaka 7! Siku moja mavyaa wangu akaja kutoka Likoni, tumekaa, chai na mahamri, akamsikia. Akaweka kikombe chini polepole.

"Mwache mjukuu wangu," akasema. "Yuwalala kama babake. Kwani wewe uliacha lini?"

Mume wangu akaangalia dirishani.

"Miaka tisa," mavyaa akanigeukia mimi. "Miaka tisa, na mkeka wake tulikuwa tukiutia majini pwani, chumvi imeumaliza."

Wallahi sijawahi kumwona mtu mzima akinywa chai tupu kwa bidii namna ile. Baadaye daktari akatueleza kuwa ni jambo la damu: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, watoto zaidi ya 4 katika 10 hufuata, na wakiwa wazazi wote wawili ni 7 au zaidi katika 10. Babu alichukua jina la babu na mkojo wa baba. Tangu siku hiyo mume wangu hajasema "mwanamume mzima" tena, na siku zake za mapumziko ndiye aliyekuwa akiamka na kengele.

Nimetaja daktari. Huyo mwone kabla ya kununua chochote cha umeme. Alimpima Babu mkojo kuangalia maambukizi na sukari, akauliza kama mchana pia hujikojolea, kama hukoroma sana, kama aliwahi kukauka miezi sita kisha akarudia. Huyo anayerudia baada ya kukauka, au anayekunywa maji bila kushiba na kupungua mwili, asisubiri kengele, apelekwe haraka. Kwetu yote hayo hayakuwepo. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: "Choo kikubwa anapata kila siku?"

Sikujua. Miaka 7 nimefua shuka, sikujua mwanangu anakwenda choo mara mbili kwa wiki. Kumbe haja kubwa ikijaa inakibana kibofu, hakina nafasi ya kutanuka. Tukapewa dawa ya kulainisha, na mapapai, na amri ya kunywa maji mchana. Hapo likatoka la pili: Babu shuleni hanywi maji kabisa, kwa sababu vyoo vya shule vinanuka na hataki kuvitumia. Akitoka shule anakwenda chuoni, yaani madrasa, hanywi. Anaingia nyumbani magharibi na kiu ya siku nzima, anafakamia vikombe vitatu, na juu yake chai ya maziwa. Jumapili tukitoka kwenda bustani ya Mama Ngina ufukweni anapewa dafu saa kumi na mbili jioni. Halafu tunashangaa kitanda kimeloa.

Daktari alitupa hesabu moja ambayo niliipenda kwa kuwa ni ya jikoni: miaka ya mtoto ongeza moja, zidisha kwa 30, unapata kibofu chake kinapaswa kubeba mililita ngapi. Kwa Babu ni 240, kikombe kilichojaa. Nikanunua jagi lenye alama (jipya, la bafuni, wateja wangu msinifikirie vibaya) nikamwambia siku ya Jumamosi ajizuie kidogo kisha akojoe humo. Akatoka nalo kwa mikono miwili kama anabeba sharubati ya wageni: 140. Basi tukawa na kitu cha kuhesabu badala ya kitu cha kuonea haya. Miezi miwili baadaye, choo kikiwa sawa na chupa ya maji ikirudi tupu kutoka shule, 210. Usiku bado alikuwa akiloa, lakini si kama zamani.

Hapa katikati kuna jamaa walionishauri kombe, yale maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani. Sina neno na kombe, nimekunywa mwenyewe nikiwa na mimba. Ila aliyelileta alilileta baada ya isha na kusema mtoto amalize bakuli zima. Nikamshukuru, nikalifunika, Babu akanywa asubuhi.

Sasa kengele yenyewe. Ni kiboksi kidogo kama cha kiberiti, kinabanwa begani kwenye fulana, waya unapita chini hadi kwenye kibanio kinachoshika chupi kwa mbele. Tone la kwanza likigusa kibanio, kinalia, kinatetemeka na kuwaka taa. Kimekuja bila betri, na karatasi ya maelezo kwa lugha nisiyoisoma. Nimesoma mahali pengine kuwa daktari wa watoto wa Austria, Pfaundler, aliunda kitu kama hiki mwaka 1904 wodini ili wauguzi wajue ni mtoto gani wa kubadilishwa, akashangaa kuona watoto wenyewe wanaanza kukauka. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa tayari wiki ya tatu, na nilicheka peke yangu jikoni. Maana ndivyo ilivyo. Kwa wiki za mwanzo kengele hii humwamsha muuguzi tu.

Usiku wa kwanza ililia saa sita na nusu. Mdogo akaanza kulia. Dada yake akakaa kitako akiuliza kama kuna moto. Jirani akagonga ukuta. Babu akageuka upande wa pili, kengele inapiga kelele sentimita kumi kutoka sikioni mwake, akaendelea kukoroma. Nikamwinua, nikampeleka chooni, nikamnawisha uso, nikaushika mkono wake ili aizime yeye. Hilo ni sharti: azime mwenyewe, abadili mwenyewe, hata kama macho ni nusu. Ukiizima wewe, amelala tu, na wewe ndiye unayejifunza kuamka.

Tatizo la Mombasa ambalo waliotengeneza hawakulifikiria ni jasho. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, joto la kuchemsha. Kengele haijui jasho na mkojo. Stima ikipotea, feni inasimama, baada ya nusu saa mtoto ameloa jasho kiunoni na kengele inalia, anapelekwa chooni hana kitu. Usiku mmoja mara nne! Nilikaribia kuitupa baharini. Dawa niliyoigundua: chupi mbili, ya ndani nyembamba ya kunyonya jasho, kibanio kishike ya nje, fulana ya mikono mirefu hapana, na alale upande wa dirisha. Inachelewa sekunde chache kulia, lakini haidanganyi tena.

Kosa langu mwenyewe ni kuanza wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mwezi ule nyumba yote inakula na kunywa usiku, na Babu alikuwa ameshika kufunga nusu siku, hataki kuachwa. Futari, uji wa pilipili manga, maji ya ukwaju, kisha daku. Nikaiweka kabatini, nikaanza upya baada ya Idi. Bora ningengoja tangu mwanzo.

Nilikuwa naandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma. Sikuandika "ameloa" au "hakuloa", kwa sababu kwa kipimo hicho wiki tano za kwanza ningekata tamaa. Nilipima lile duara kwenye shuka kwa vyombo vyangu. Wiki ya kwanza yote ni "sinia". Wiki ya tatu inaanza "sahani", maana yake kengele ikilia anajikaza, hamalizi. Wiki ya nne, usiku mmoja nilifika kitandani nikamkuta amekaa, mkono uko begani, ameshaizima. Akaniambia, "Mama, nimeisikia," kwa sauti ya mtu aliyeona mwezi. Wiki ya sita "kisosi". Wiki ya nane yako maneno "kavu" manne, na moja alijiamkia kabla haijalia, nikasikia mlango wa choo saa nane nikadhani ni mwizi. Siku 14 mfululizo za "kavu", ambazo daktari alisema ndizo za kuivua, tulizipata wiki ya kumi na moja, mwishoni mwa masika, wakati ambapo shuka lingechukua siku mbili kukauka.

Sasa mnaelewa kwa nini nilisema kuna nyumba haitafaa. Lazima awepo mtu mzima wa kuamka kila usiku, miezi miwili mitatu, bila ya kufoka. Mimi nilikuwa nalala saa tatu na kuamka saa tisa kwa desturi ya kazi, na bado kuna usiku nililala nikikanda. Mama anayetoka kazini saa nne usiku na kuondoka alfajiri, peke yake, na watoto chumba kimoja na mpangaji mwingine, simshauri. Huyo anunue mfuko, mtoto anywe maji mchana, na muda utafanya kazi yake. Dawa ya vidonge pia ipo, desmopresini, inaigiza homoni ile inayoziambia figo zipunguze mkojo usiku. Daktari alisema hufaa zaidi kwa safari au kulala kwa wageni, wengi wakiiacha mkojo hurudi, na mtoto akishaimeza usiku asinywe maji mengi kwa sababu chumvi ya mwilini hushuka. Hatukuihitaji.

Kibanio kimeanza kutu. Kipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi kila asubuhi, kisha kikaushe. Mimi nilikuwa mvivu. Waya ni mfupi kwa mtoto mrefu. Mtetemo ni mapambo, haukumwamsha hata mara moja. Betri za kwanza zilidumu mpaka mwisho. Mfuko naupa nyota tano. Kengele nyota nne, ya tano nimeikata kwa ajili ya jasho.

Mwezi wa Agosti Babu alikwenda Likoni kwa bibi yake likizo, akarudia mara tatu. Bibi hakusema neno, alifua tu. Aliporudi tukaivaa tena siku nane, akakaa sawa.

Niliulizwa kama naiuza. Hapana, nimeiazimisha, kwa mama mmoja wa jengo letu aliyekuja kwangu ati kuomba unga, akasimama mlangoni muda mrefu mno kwa mtu wa unga. Simtaji. Lakini kuta zetu ni nyembamba, na karibu kila usiku huisikia, saa sita, saa saba. Mguu wangu mmoja huwa umeshagusa sakafu kabla sijakumbuka kuwa si zamu yangu.